Kiingereza changu ni sahihi, mbona naombwa nirudie?

SWALI: Nimetumia Kiingereza kazini kwa miaka mingi. Sarufi haina shida na msamiati ninao. Hata hivyo, kwenye mikutano ya mtandaoni naombwa nirudie nilichosema, na mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza kama nimekasirika wakati nilikuwa naeleza jambo la kawaida tu. Nikijisikiliza kwenye rekodi nasikia sauti imenyooka kama ya mtu anayesoma orodha. Nimejaribu kuiga wasemaji wa kwenye filamu, lakini najiona naigiza. Nifanye nini? Na je, mtu mzima anaweza kubadilika?

JIBU: Anaweza, tena bila kuiacha lafudhi yake. Ila njia uliyoichukua, ya kuiga wimbo wa sauti, inaanzia mwishoni. Kiimbo cha Kiingereza kimeegemea mkazo: sauti hupanda na kushuka mahali maalumu, na mahali hapo ni kwenye silabi zenye uzito. Silabi zako zikiwa na uzito sawa zote, wimbo hauna pa kushika. Ukiulazimisha, sauti inapanda na kushuka ovyo, na ndiyo maana ukajiona unaigiza. Mimi ninashauri uanze na mkazo ndani ya neno, uende kwenye kudhoofisha maneno madogo, kisha kuchagua neno kuu la kila kifungu, yaani maneno yanayosemwa pamoja kati ya kituo na kituo. Kupanda na kushuka kwa sauti kuje mwisho kabisa.

Tatizo lenyewe linatokana na tabia njema za Kiswahili. Katika Kiswahili mkazo hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: kiTAbu, kitaBUni. Irabu ni tano, na kila moja hutamkwa kamili hata pasipo mkazo. Kiingereza hakiko hivyo. Silabi yenye mkazo hurefushwa, huongezwa nguvu, sauti hupanda au kuteleza juu yake, na irabu yake hutamkwa wazi. Silabi zinazoizunguka hubanwa, na irabu zake nyingi hugeuka kuwa sauti moja fupi ambayo wanaisimu huiita shwa: ulimi umelala katikati ya kinywa, taya limefunguka kidogo, midomo haifanyi kazi yoyote. Hiyo ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, na haina herufi yake. Imo kwenye *a* ya "about", *e* ya "taken", *o* ya "lemon" na *u* ya "supply". Mswahili huisoma kila mojawapo kama ilivyoandikwa, na hapo ndipo unyoofu unaousikia kwenye rekodi unapoanzia.

Anza basi na neno moja moja. Mazoea ya silabi ya pili kutoka mwisho hutufanya tuseme *caLENdar*, *miNISter*, *chaRACter*, *reGISter*. Yote manne mkazo wake uko mwanzoni: CALendar, MINister, CHARacter, REGister. Msikilizaji wa Kiingereza hulitambua neno kwa umbo la mkazo wake. Ukiuhamisha, anatafuta neno jingine kichwani, na anapolipata la kwako wewe umeshafika sentensi ya pili. Wengi hudhani wameombwa kurudia kwa sababu ya herufi *r* au *th*. Mara nyingi kilichomwangusha msikilizaji ni mkazo uliokaa pasipo pake.

Chukua maneno arobaini unayoyatumia kila wiki kazini na uyakague yote kwenye kamusi yenye alama za matamshi. Kijistari cha wima kilicho juu huwekwa *kabla* ya silabi yenye mkazo, wala si baada yake. Wengi hukisoma kinyume. Kijistari cha chini ni cha mkazo mdogo. Kanuni chache zitakupunguzia kazi: maneno yanayoishia kwa -tion, -ic na -ity huweka mkazo kwenye silabi iliyo mara tu kabla ya kiishio, kama eduCAtion, ecoNOMic, aBILity. Yapo machache yanayoasi, kwa mfano ARabic. Maneno kadhaa ya silabi mbili huweka mkazo mbele yakiwa nomino na nyuma yakiwa vitenzi: a REcord, to reCORD. Maneno mawili yaliyoungana kuwa jina la kitu kimoja huelemea upande wa kwanza, hivyo GREENhouse ni banda la kioo la kuoteshea mimea, na green HOUSE ni nyumba yoyote ya rangi ya kijani.

Tarakimu nazo ziangalie mapema, maana zinaleta hasara. Thirteen na thirty hutofautishwa kwa mkazo na kwa mwisho wa neno: thirTEEN, yenye irabu ndefu na *n* inayosikika, dhidi ya THIRty, yenye mwisho mfupi. Mbele ya nomino mkazo wa thirteen unaweza kusogea mbele, "THIRteen PEOple", kwa hiyo usiiache ile *n* ikapotea.

Jambo jingine linalovuruga mapigo ni irabu tunayoiongeza mwisho wa neno au katikati ya konsonanti: "desk" inakuwa *deski*, "film" inakuwa *filimu*. Kila irabu ya ziada ni silabi ya ziada, na mpangilio wote wa mkazo unahama. Malizia konsonanti ukiwa umefunga kinywa au ulimi ukiwa umegusa mahali pake, kisha ingia moja kwa moja kwenye neno linalofuata. Katika "desk is", ile *k* huhamia kwenye irabu ya mbele, kama vile imeandikwa *des-kis*, na huna haja ya kuiegemeza kwa irabu yako.

Sasa tuje kwenye maneno madogo. Hapa naomba ukae muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu kwa msemaji wa Kiswahili ndipo panapoleta mabadiliko makubwa. Nomino, vitenzi vikuu, vivumishi na vielezi hubeba mkazo. Maneno kama *a, the, of, to, for, and, at, was, have, can* hudhoofishwa. Soma mistari hii huku ukigonga meza kwenye silabi za herufi kubwa tu:

MEN BUILD BOATS.
The MEN BUILD the BOATS.
The MEN are BUILDing the BOATS.
The MEN have been BUILDing the BOATS.

Mstari wa kwanza una silabi tatu, wa mwisho nane, lakini mapigo ni matatu katika kila mmoja. Vipimo vya maabara havionyeshi kwamba mapigo ya Kiingereza hupishana kwa muda ulio sawasawa kabisa, kwa hiyo usijitese na saa. Kinachotakiwa ni kwamba "have been" ipite haraka na kwa udhaifu, *v* ya "have" ikibaki na irabu yake ikibanwa. Ukiona mstari wa nne umechukua karibu mara tatu ya muda wa kwanza, bado unatamka kila neno kamili.

Neno "can" linastahili mazoezi ya peke yake. Katika "I can COME", *can* hubanwa hadi karibu irabu iishe, kama *kn*. Katika "I CAN'T COME", neno la kukanusha hutamkwa kamili na lina mkazo, huku ile *t* ya mwisho ikififia mara nyingi. Maana yake ni kwamba msikilizaji, hasa aliyezoea Kiingereza cha Marekani, hutofautisha ndiyo na hapana kwa uzito wa neno kuliko kwa *t*. Ukisema "I CAN come" kwa *can* nzito, kuna hatari asikie kwamba huji. Maneno haya madogo hurudia utimilifu wake yakiwa mwisho wa sentensi, kama *at* katika "What are you LOOKing at?" Irabu ya *at* hapo ni kamili, lakini uzito mkubwa unabaki kwenye LOOK.

Hapo uzito umeshapata pa kukaa, na sasa kiimbo chenyewe kinaweza kuanza. Mwanaisimu M.A.K. Halliday, katika miaka ya 1960, alitenganisha maamuzi matatu anayoyafanya msemaji wa Kiingereza: agawe usemi wapi, neno gani libebe uzito mkuu, na sauti ielekee wapi. Mgawanyo huo unafaa sana kwa kujifunza, na kati ya hayo matatu, la pili ndilo ninaloona limekukwamisha.

Kwa Kiswahili, ukitaka kusisitiza kwamba ni wewe na si mwingine, unabadili sentensi: "Mimi ndiye niliyemwambia." Sarufi inafanya kazi ya msisitizo, na sauti inaweza kutulia. Kiingereza huacha maneno yaleyale na kuhamisha uzito: "*I* told her" ni mimi ndiye niliyemwambia, "I TOLD her" ni kwamba nilishamwambia, usiwe na wasiwasi, "I told HER" ni kwamba yeye ndiye niliyemwambia, wengine sikuwaambia. Basi uzito huo ni sarufi. Uuchukulie kwa umakini uleule unaouchukulia upatanisho wa kisarufi.

Pasipo sababu ya pekee, uzito mkuu hukaa kwenye neno la mwisho lenye maana ndani ya kifungu: "I'll send the rePORT." Makosa mawili hujirudia sana. La kwanza ni kuweka uzito kwenye kiwakilishi cha mwisho kwa sababu tu ni cha mwisho: "I'll call YOU", "He told ME". Msikilizaji husikia mashindano: nitakupigia wewe, usinipigie. Kama hukukusudia hivyo, sema "I'll CALL you", "He TOLD me". La pili ni kuipa uzito habari ambayo tayari imetajwa. Mtu akiuliza "Do we need a report?", jibu ni "We've alREADy GOT a report". *Report* ya pili hushushwa na kupitishwa chini kwa sababu wote wawili wanaijua. Ukiipiga tena kwa nguvu, msikilizaji anadhani unazungumzia ripoti nyingine.

Kuhusu kuulizwa kama umekasirika, nadhani kisa ni hikihiki. Kila neno likipewa uzito wake na sauti ikishuka kwenye kila moja, sikio la Kiingereza husikia mtu anayehesabu maneno kwa kukosa subira, kama anayesema "I. Told. You. Yesterday." Wewe hukuwa na hasira, ila ulitumia umbo ambalo kwao limetengwa kwa hasira. Na watu wengi wakiona hawaeleweki hupunguza kasi kwa kutamka kila neno pekee, jambo linalozidisha hali hiyohiyo. Ukitaka kwenda polepole, ongeza kituo *kati* ya vifungu, na ndani ya kifungu acha maneno yashikane. Kwa mazoezi, kifungu cha maneno manne hadi saba kinatosha. Angalia pia kwamba kituo hubeba maana: "My brother, who lives in London, is a doctor", yenye vituo viwili, ina kaka mmoja ambaye anaishi London. Bila vituo hivyo, unamtofautisha na kaka mwingine.

Kuelekea kwa sauti ndiko watu wanakokuhangaikia zaidi, na kwa kweli maumbo matatu yanakutosha kwa muda mrefu. Kushuka humaanisha nimemaliza, nina hakika. Hutumika kwenye taarifa, na pia kwenye maswali yanayoanza na *what, where, why, how*: "Where do you LIVE?" sauti ikishuka. Ukiipandisha kwenye *where* yenyewe, umeuliza kitu kingine: umesema wapi vile, sikusikia. Kupanda humaanisha bado, au naomba jibu. Katika orodha kila kipengele hupanda na cha mwisho hushuka, na namba ya simu husomwa hivyohivyo, fungu kwa fungu. Neno "Sorry" likishuka ni kuomba radhi, likipanda ni kuomba urudiwe. "You sent it, DIDn't you" ikishuka inatafuta uungaji mkono tu. Ikipanda ni swali la kweli.

Maswali ya ndiyo au hapana yana mtego kwetu. Kiswahili mara nyingi hunyanyua sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha silabi ya mwisho ikaanguka: "UmeKUla?" Tukihamishia umbo hilo kwenye Kiingereza, swali linaishia chini na kusikika kama amri au shutuma. Katika "Have you SENT it to them?" sauti huanza kupanda kwenye SENT na *huendelea* kupanda juu ya "it to them" hadi mwisho kabisa. Maneno hayo matatu ni dhaifu, lakini yanabebwa juu. Lifanyie zoezi kwa kufumba mdomo na kuliimba swali zima puani kabla ya kulitamka.

Umbo la tatu ni kushuka kisha kupanda juu ya neno lilelile kuu na yanayolifuata. Hilo linasema: kuna jambo sijalitaja. "The deSIGN is good" kwa umbo hili humfanya msikilizaji asubiri "lakini". Ndiyo njia ya kawaida ya kutokubaliana kwa adabu, na asiyelisikia hutoka mkutanoni akidhani pendekezo lake limepita. Jifunze kulisikia kwanza. Kulitamka kutakuja baadaye.

Kwa mazoezi, tenga dakika 20 kwa siku. Filamu nzima haifai. Tafuta rekodi ya sekunde 30 hadi 60 ya mtu mmoja anayezungumza bila kusoma, mwenye sauti ya kimo kinachokaribiana na chako, na ambaye kuna maandishi ya alichosema. Shikamana na msemaji wa eneo moja kwa miezi ya mwanzo, kwa kuwa maumbo hutofautiana: Belfast taarifa za kawaida huishia kwa kupanda, na Australia wapo wengi wanaopandisha mwisho wa taarifa pia. Ukichanganya mifano hutajua kipi ni kanuni na kipi ni mtindo wa mahali.

Siku ya kwanza sikiliza tu, na penseli mkononi. Weka mkwaju (/) kwenye kila kituo, pigia mstari silabi zenye mkazo, zungushia duara neno moja kuu katika kila kifungu, kisha chora mshale wa kupanda au kushuka juu yake. Siku ya pili imba puani pamoja na rekodi bila maneno, hadi vituo vyako na vyake viangukie pamoja. Siku ya tatu tamka pamoja naye, nyuma yake kwa nusu sekunde. Siku ya nne jirekodi peke yako. Usisome huku macho yako yakiwa kwenye karatasi, maana kusoma kwa sauti ndiko kunakotugeuza kuwa wasoma orodha: tazama kifungu kimoja, inua macho, kiseme kutoka kichwani, kisha rudi kwa kinachofuata. Siku ya tano tumia vifungu vilevile vyenye maneno ya kazi yako. Usiiruke hatua hii ya mwisho, kwa sababu umbo lililokaa kwenye maneno ya mtu mwingine peke yake halihamii kwenye mkutano wako.

Katika mazoezi zidisha tofauti hadi uone aibu. Kunyooka ndiyo mazoea yako, na unachokiona kuwa kimepita kiasi, kwenye rekodi mara nyingi kitasikika cha wastani. Wanaohitaji ushahidi wa macho wanaweza kutumia Praat, programu ya bure ya kompyuta iliyoandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Fungua rekodi yako na ya mfano, onyesha laini ya kimo cha sauti, na uweke mipaka ya takriban hezi 75 hadi 300 kwa sauti ya kiume, 100 hadi 500 kwa ya kike. Linganisha maumbo, wala usilinganishe namba. Laini itakatika kwenye *p, t, k, s, f*, kwa kuwa nyuzi za sauti hazitetemi hapo, na wakati mwingine itaruka ghafla juu au chini mwishoni mwa sentensi sauti inapokwaruza. Hizo ni hitilafu za kipimo, usizihesabu kuwa zako.

Utaanza kusikia makosa yako mapema, muda mrefu kabla hujaweza kuyazuia katika mazungumzo ya haraka. Kipindi hicho kinakatisha tamaa, lakini ni dalili njema: sikio limetangulia. Usijaribu kurekebisha kila kitu ndani ya mkutano. Chagua jambo moja kwa wiki, kwa mfano *can* peke yake, au kutokipa uzito kiwakilishi cha mwisho, na mengine yaache yaende yanavyokwenda.

Na siku utakapoombwa tena urudie, usirudie sentensi nzima kwa sauti kubwa zaidi. Tafuta neno kuu la kile kifungu, hakikisha mkazo wake uko kwenye silabi yake, weka kituo kifupi mbele yake, na urefushe silabi hiyo moja: "We need it by … the thirTEENTH."